Jina Lililowaka Saa Tisa

Mashine zile za gemu zilikuwa ndogo na nyeupe, hazizidi ukubwa wa Biblia ya mezani, lakini zilikuwa na masharti mengi kuliko mahari ya Kichaga. Huwezi kumwona mtu ukamfanya rafiki hivi hivi. Kila mashine ilikuwa na namba yake, tarakimu kumi na sita, na mkitaka kuwa marafiki mtandaoni ilibidi wewe uandike namba ya mwenzako kwenye mashine yako, naye aandike yako kwenye yake. Mmoja akiandika na mwingine akakaa kimya, jina lilibaki limefifia kwenye orodha, rangi ya majivu, hata mwaka mzima. Mkishaandikana wote wawili, na mashine zote mbili zikawashwa mtandaoni, ndipo jina linawaka jeupe, na pembeni yake kinatokea kidoti cha kijani kila mwenzako anapokuwa amewasha mashine.

Haya Alpesh alikuwa akiwaeleza wateja mara ishirini kwa siku. Alikuwa fundi kijana wa Kihindi, akitoka Upanga kila asubuhi na kibati chake cha chapati na mboga, na meza yake ilikuwa mbele kabisa dukani, Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo. Mwenye duka alikuwa Severa, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Caroline. Yeye maelezo ya Alpesh aliyasikia kwa sikio moja, huku la pili likiwa kwa wateja wa jumla. Aliyajua vizuri kuliko alivyotaka kuyajua. Ndani ya droo yake, chini ya vitabu vya risiti, palikuwa na kipande cha boksi chenye namba ya mashine ya mdogo wake Ansbert, na hakuwahi kuiandika popote.

Sasa Ansbert alikuwa amekufa.

Dada na mdogo wake walikuwa wameteremka pamoja kutoka Kilema, Uchagani, enzi za ruksa ya biashara zilipoanza, wakatandika turubai Mtaa wa Congo na kuuza redio kaseti chini. Walikuwa pua na mdomo. Siku ambazo biashara ililala na wao wakalala na njaa, Ansbert alikuwa akigeuka kwenye mkeka na kuuliza, "Dada, tumbo linasemaje?" Wakicheka, njaa ilipungua kidogo. Likaja banda, likaja duka, kisha Ansbert akahamia Arusha kufungua chumba chake cha gemu. Hapo ndipo mama yao alipougua. Severa alimuuguza miezi minane, na miezi yote hiyo Ansbert alikuwa mtu wa kesho: nakuja kesho, nakuja Jumamosi, nakuja mwisho wa mwezi. Mama akafa. Ansbert akafika siku moja baada ya mazishi, maua ya kaburini yameshaanza kunyauka.

"Usiniite dada tena," Severa alimwambia mbele ya ukoo mzima.

Na ukoo ule, tuseme ukweli, mtu akishatamka neno halirudishi, hata likimuunguza ulimi. Ikapita miaka miwili hivyo hivyo.

Oktoba ya mwaka 2010, Ansbert alipiga simu dukani. Waya wa intaneti wa baharini ulikuwa umefika Bongo mwaka uliotangulia, na kila mwenye mashine alikuwa akitafuta wa kuandikana naye. Aliyepokea ni Alpesh. Wakasomeana namba, ya kule Arusha na ya mashine ya maonyesho pale dukani, Alpesh akaiandika ile ya Arusha kwenye kipande cha boksi. Kisha Ansbert akaomba kuongea na dada yake. Severa akaishika simu.

"Dada, mimi nimeshakuandika," alisema Ansbert. "Kila nikiwasha nakuona upo pale, umefifia. Sikuombi tuongee. Siku utakayoniandika na wewe, jina lako litawaka, nami nitajua yameisha. Hilo tu."

Severa akamwambia ana wateja, akakata. Dukani hapakuwa na mteja hata mmoja.

Mwanzoni mwa Desemba, gari alilopanda Ansbert liliacha njia kwenye mvua, wakamleta Kilema akiwa ndani ya jeneza.

Siku arobaini zilipotimia, misa ikasomwa, Severa akarudi Dar na joto la Januari. Hata kabla ya kufungua vitabu vya mauzo alitoa kile kipande cha boksi, akaketi mbele ya mashine ya maonyesho, akaingiza tarakimu moja baada ya nyingine kama mtu anayehesabu shanga za rozari. Alijua ni upuuzi. Alpesh alimwona, akainamia kazi yake. Jina ANSBERT likatokea kwenye kioo, limefifia.

"Na mimi alikuwa ananiona hivi hivi," Severa akasema. "Hadi anakufa."

Kesho yake, saa tisa alasiri, jina likawaka.

Severa alikuwa akimhesabia mteja betri. Aliinua macho tu, akaona herufi nyeupe pe, na pembeni yake kidoti cha kijani. Betri zikamwagika. Mteja alidhani mama wa watu amepandwa na presha, akamshika mkono kumkalisha, lakini Severa alijitoa na kwenda mbele ya kioo. Kulikuwa na ujumbe.

*Dada. Tumbo linasemaje?*

Aliogopa, asikwambie mtu. Aliogopa mpaka mgongo ukapiga ubaridi kwenye joto lile. Lakini ndani ya woga kulikuwa na kitu kingine alichoona haya kukitaja, nacho kilikuwa furaha. Kabla hajajua afanye nini, ujumbe wa pili ukaingia.

*Jina lako limewaka. Nimeliona. Yameisha.*

Akalia pale pale, mbele ya wateja, kilio ambacho msibani alikuwa amekibana.

"Mama Caroline," Alpesh akasema taratibu, "mashine haijiwashi. Mtu ameketi mbele yake na ameshika rimoti."

"Mtu gani anajua maneno haya?"

Alpesh alisogeza mkono kwenye waya wa intaneti, Severa akaupiga ule mkono.

"Kwetu siku ya kumi na tatu tunamuaga marehemu," Alpesh akasema. "Tunamwambia nenda, njia yako nyeupe. Baada ya hapo hatumwiti. Wewe umempigia hodi."

"Na kaitika," Severa akajibu. "Unataka nimfungie mlango mara ya pili?"

Tangu siku ile saa tisa ikawa saa yake. Ikifika, anavuta kiti, anageuzia duka kisogo, na wateja wa jumla kutoka mikoani wanasimama pale mpaka wanachoka na kuvuka kwa jirani. Ansbert alikuwa yule yule. Alitania. Aliuliza zile kandambili zake za bluu kapewa nani. Alimkumbusha mbwa wa jirani kule Kilema aliyekula ubani wa kanisa. Severa alimwandikia mambo ya mama, namna alivyokuwa akimuulizia siku za mwisho, na namna yeye Severa alivyodanganya kwamba yuko njiani. Siku moja akajikaza akamuuliza kama aliumia sana pale barabarani.

*Ilikuwa mvua tu, dada.*

Alpesh alisoma ule ujumbe kutoka nyuma ya bega lake, akaenda zake nje kusimama juani.

Ni yeye aliyegundua. Wakati ule mgawo wa umeme ulikuwa umekaza, kila mtaa na zamu yake, na Kariakoo ilinguruma kwa majenereta. Alhamisi moja, Ansbert akiwa katikati ya sentensi, kidoti kilizimika. Jumatatu kikazimika tena. Alpesh akaleta gazeti lenye ratiba ya mgawo, akaweka kidole.

"Alhamisi saa tisa na nusu, Ilala. Jumatatu saa tisa na robo, Ilala. Marehemu hana mgawo, Mama Caroline. Huyu yuko Ilala."

Severa alitamani kumzaba kibao. Mashine ya Ansbert ilikuja na vitu vyake kutoka Arusha, na Severa aliiacha Kilema, nyumbani, juu ya kabati la marehemu mama. Au ndivyo alivyojiambia. Alikaa akirudisha siku za msiba kichwani, moja moja, na alipofika siku ya maziko akasimama hapo, uso ukamshuka.

Awadhi.

Kila Mchaga ana mtani wake Mpare, na wa Ansbert alikuwa Awadhi wa Usangi, aliyesoma naye bweni moja, mchomeleaji wa mageti pale Ilala. Siku ya maziko Awadhi alifanya kazi ya mtani kama inavyotakiwa. Alivaa sweta la kijivu la marehemu, akaketi uani na mashine ya gemu mapajani, haina waya wala kioo, akawa anapiga kelele za mtu anayefungwa mabao. Alitembea kama Ansbert. Alikohoa kama Ansbert. Aliwauliza akina mama jikoni tumbo linasemaje, wakacheka huku machozi yanawatoka. Kisha akadai akombolewe. Mtani akimvaa marehemu havui mwenyewe, huvuliwa. Mfiwa mkubwa humpa alichodai, humwita kwa jina lake mwenyewe mbele ya watu, na hapo ndipo marehemu anaachwa aende na mtani anarudi kuwa yeye. Awadhi alidai jogoo mmoja tu, watu wakasema Mpare kajitahidi leo kwa ukarimu.

Mfiwa mkubwa alikuwa Severa. Alikuwa ndani, amefunga dirisha, kile kicheko cha nje kikimchoma kama pilipili. Wakamfuata mara tatu.

"Mwacheni," alisema. "Akichoka atavua."

Watu wakatawanyika. Jogoo hakutolewa, na Awadhi akaondoka na sweta na mashine.

Severa alifunga duka mchana ule, akateremka sokoni kununua jogoo mwekundu mwenye kilemba kikubwa, akaenda Ilala kwa miguu. Njia nzima alikuwa akijiuliza kama anakwenda kumkomboa mtu au kumuua mdogo wake kwa mkono wake. Maana alijua vizuri: akimtoa jogoo huyu, saa tisa ya kesho hakuna atakayeandika.

Mke wa Awadhi, Siti, alimkuta mlangoni kabla hajapiga hodi. Alimtazama, akamtazama jogoo, akaketi chini kwenye kizingiti kama aliyekatwa miguu.

"Mbona mmechelewa hivi, Mama Caroline?" akasema. "Huu mwezi wa pili. Nimewatuma watu Kilema mara mbili, wanaambiwa wenye msiba wametawanyika, na dukani kwako sipajui. Mume wangu kuchomelea hataki, anasema hajui. Usiku anaongea Kichaga, na Kichaga hakijui. Watoto nimewapeleka kwa mama yangu, wanamwogopa baba yao."

"Yuko wapi?"

"Chumbani. Anavuta mtandao wa kafe ya jirani."

Severa akaingia. Chumba kilikuwa kidogo, dirisha moja, joto la kukaangia samaki. Awadhi alikuwa ameketi mbele ya televisheni na lile sweta la kijivu la Kilema, limelowa jasho mpaka mikononi. Alikuwa amekonda. Aliinua kichwa upande, kama Ansbert alivyokuwa akiinua, akatabasamu kwa mdomo wa pembeni.

"Dada," akasema. "Tumbo linasemaje?"

Sauti ilikuwa yenyewe. Severa alitaka kuketi kwenye kitanda kile na kujibu, linalia, Ansbert, linalia tangu juzi, na yaendelee hivyo hivyo, na dunia nzima ya watu wenye akili zao iende ikalale. Jogoo alikuwa akipapatika chini ya kwapa lake. Nyuma yake Siti alikuwa amesimama mlangoni akilia bila sauti, mwanamke ambaye hakumkosea mtu.

"Nikimtoa huyu utaondoka?" Severa akauliza.

"Wewe ndiye mkubwa," akajibu yule aliyekuwa ameketi. "Mimi nangoja wewe tu."

Severa alimweka jogoo mapajani mwa mtu yule.

"Awadhi wa Usangi. Tumekukomboa. Vua nguo za watu."

Awadhi alibaki akimtazama jogoo kana kwamba hajawahi kumwona kuku. Kisha akalivua sweta kwa shida, likimganda mgongoni, akaliweka juu ya stuli. Alivuta pumzi ndefu mara mbili, tatu, na alipoinua uso ulikuwa uso mwingine, wa mtu wa makamo aliyechoka, mchomeleaji wa mageti. Akaanza kumlilia rafiki yake. Alilia kama ndiyo kwanza amepewa taarifa. Siti akaja kumpokea jogoo, akatoka naye uani, na wawili hawa wakaachwa peke yao.

"Asante, Mama Caroline," Awadhi akasema alipoweza kusema. "Nilikuwa najiona. Mikono inaandika, mimi naitazama. Nikivua sweta naumwa baridi, kwenye joto hili."

"Ulijuaje namba yangu?"

Awadhi akaigeuza mashine kichwa chini. Tumboni mwake, kwa kalamu ya wino mzito, palikuwa na tarakimu kumi na sita kwa mwandiko wa Ansbert.

"Nilikuandika wiki ile niliyofika nayo hapa," akasema. "Jina likafifia, nikaona basi. Mpaka siku lilipowaka."

Severa alidhani hakusikia vizuri.

"Wewe uliniandika? Yeye alikuwa ameshaniandika. Tangu Oktoba. Aliniambia kwa mdomo wake."

Awadhi aliishika rimoti, akafungua orodha ya majina kwenye kioo, akaiteremsha polepole. Walikuwa thelathini na wanane, wa Brazil, wa Japani, wa Afrika Kusini, watu ambao Ansbert hakuwahi kuwaona sura, wote weupe wamewaka. Severa alikuwa wa mwisho kabisa, baada yao wote, na kando ya jina lake palikuwa na tarehe. Ilikuwa tarehe ya Desemba, siku nne baada ya maziko.

"Alikudanganya," Awadhi akasema. "Novemba nilimpigia nikamuuliza, umeshamwandika dada? Akaniambia kashindwa. Kasema, Awadhi, nikimwandika akabaki amefifia, kila nikiwasha nitakuwa namwona amenigeuzia kisogo. Bora asiwepo kabisa. Aliogopa, Mama Caroline. Alikuwa anangoja uanze wewe."

"Mimi nilikuwa nangoja…" Severa akaanza, akaacha.

Miezi yote ile alikuwa amejiona kwenye kioo cha Arusha, jina la majivu, mdogo wake akilitazama kila siku. Kumbe hapakuwa na jina. Hapakuwa na kitu chochote upande ule, na upande huu palikuwa na kipande cha boksi kwenye droo.

"Kwa hiyo alikufa hajui kama nimemsamehe."

Mtani angepata la kusema. Kwa majuma haya yote hakuwahi kukosa la kusema. Lakini aliyekuwa ameketi pale sasa alikuwa Awadhi, na Awadhi alifuta uso kwa kiganja.

"Hakujua," akasema. "Yale ya yameisha niliyaandika mimi. Au niliandikishwa, sijui. Ila mimi Awadhi, ninavyojua, hakujua."

Uani kuku alikuwa akifungwa miguu, Siti akimwimbia jirani yake habari njema kwamba mumewe amerudi. Severa alisimama katikati ya chumba. Akainama, akaliokota sweta kutoka kwenye stuli, zito kwa jasho, bado na joto la mwili. Alilikung'uta. Akalishika kwa mabega mawili, shingo ameipanua, kama mtu anayemvisha mtoto asubuhi ya baridi.

"Livae," akasema.

Awadhi alirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta.

"Mama Caroline, umeshanivua."

"Najua." Mikono yake haikushuka. "Dakika moja tu, Awadhi. Nimwambie."